Mpiga pasi aliyenyamaziwa na Ustadh wake

Bhagirath Rajak ana mwalimu wa sitar, ala ya Kihindi ya nyuzi za chuma, na mwalimu huyo hamfundishi. Hakumfukuza. Hakumruhusu aende kwa mwingine. Amemnyamazia tu, na huu ni mwaka wa tano.

Wiki hii jambo hilo halina budi kuisha. Shule moja ya muziki imemwita akafundishe watoto wanaoanza, na inataka jibu Ijumaa. Lakini mwanafunzi wa sitar aliyefungwa mkononi uzi wa uanafunzi na mwalimu wake hafundishi wala hapigi mbele ya watu bila neno la mwalimu huyo. Asipolipata, itambidi abaki alivyo, au arudishe uzi na kujitoa katika nyumba ya mwalimu wake moja kwa moja.

Leo ni Jumatano.

Saa moja asubuhi, katika kichochoro cha nyuma ya soko la Chowk, mjini Lucknow, Bhagirath anapepea mkaa. Meza yake ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali na kutandikwa blanketi. Anaitia pasi makaa, anaifunga mdomo, kisha anaidondoshea maji kwa ncha za vidole. Maji yanachachatika na kuruka. Iko tayari.

Anaanza na kanzu nyeupe iliyodariziwa. Anaigeuza ndani nje, kwa sababu darizi ya hapa ukiipiga pasi kwa mbele inalala na haiamki tena. Anakwenda polepole. Ana miaka arobaini na sita, na kiuno chake kinasema sitini.

"Leo pia bubu?" anauliza Chhedi, muuza chai wa jirani, akimletea kikombe.

"Mkaa umepanda bei," anajibu Bhagirath. "Maneno nayo yamepanda."

"Basi nikopeshe mawili matatu. Tangu jana nimegombana na mke wangu na yangu yameisha."

Wapiga pasi wengine wa mtaa huu huimba, hutukana wapita njia, hubishana na redio. Bhagirath hufanya kazi mdomo umefungwa. Hakuzaliwa hivyo.

"Zamani nilikuwa sinyamazi," anasema. "Mdomo huu ndio ulikuwa sitar yangu ya mchana."

Anayejifunza sitar hujifunza kwa mdomo kabla ya mkono. Kila pigo la kidole lina jina. Da ni pigo la kwenda, ra ni la kurudi, dir ni mawili ya haraka yaliyoshikana. Mwalimu hutamka mapigo hayo kwa sauti yake ya juu au ya chini, mwanafunzi huyarudia mpaka yakae, ndipo ala inaguswa. Mtu akiutamka utungo sawasawa kuanzia mwanzo mpaka mwisho, ameusema wote. Mwenye sikio zuri anaweza kwenda nyumbani akaupiga.

Bhagirath alijua hivyo. Hakufikiri kwamba kuna mtu anasikiliza.

Baba yake alikuwa dobi wa nyumba ya Ustadh Kifayat Ali, mpiga sitar ambaye baba na babu yake walipiga ala hiyo hiyo katika chumba kile kile cha juu. Bhagirath alikuwa akipeleka nguo, na akawa anachelewa kurudi. Siku moja akaomba afundishwe.

Ustadh alimtazama mikono akacheka. "Mkono wa dobi ni mkono wa maji," alimwambia. "Sugu haitakaa. Waya utakukata mpaka mfupani, halafu baba yako aje anidai kidole."

Hakukosea. Mpiga sitar huvuta waya kwa vidole viwili vya mkono wa kushoto, na bila sugu hawezi kuuvuta hata nusu saa. Maji na sabuni huila sugu yote.

Kwa hiyo Bhagirath aliacha kufua. Akamwachia ndugu yake kazi ya mtoni, yenye fedha, akachukua pasi, kwa sababu moto hukausha mkono. Akarudi kwa Ustadh, akaambiwa asubiri. Akasubiri. Hatimaye Alhamisi moja Ustadh alimfunga uzi mwekundu mkononi, akamlisha dengu na sukari guru mbele ya watu wa nyumba, akasema, "Sasa wewe ni wangu. Ukipiga vibaya, ni mimi niliyepiga vibaya."

Bhagirath alikuwa na miaka ishirini na minne. Alilia. Anasema watu wote hulia siku hiyo, si jambo la ajabu.

Pasi hulipa rupia saba kwa nguo. Siku nzuri ana nguo sitini, na siku hizi siku nzuri ni chache, maana maghorofa mapya yana pasi za umeme na watu wake hawaonekani vichochoroni. Akitoa mkaa, mwezi humletea rupia elfu tisa. Shule inampa elfu kumi na nane.

Mkewe, Phulmati, ameshaifanya hesabu hiyo mara nyingi. Mchana anakuja na chapati na viazi, anaketi juu ya gunia la mkaa na kumtazama mumewe akila.

"Wanawake wengine wana wake wenza," anasema, akimgeukia mgeni anayeandika habari hii. "Wangu mimi ana ndevu nyeupe na gego moja. Kila asubuhi mume wangu anakwenda kwake kwanza. Huko ndiko alikooa. Kwangu amepanga."

"Kodi silipi?" anauliza Bhagirath.

"Unalipa kwa kunyamaza! Rudisha huo uzi, Baba Sohan. Mzee hakutaki."

"Angekuwa hanitaki angeukata."

"Na angekuwa anakutaka angesema. Hata mbwa wetu hubweka akitaka kitu."

Bhagirath anaendelea kula. Akimaliza anasema, bila kumtazama, "Kesho nitakwenda nao."

Phulmati hakutarajia jibu hilo. Anakusanya vyombo na kuondoka bila kuaga.

Kosa lenyewe lilitokea hivi.

Katika nyumba ya Ustadh Kifayat Ali kuna tungo zinazofundishwa kwa wanafunzi wote, na kuna chache zilizofungwa. Zilizofungwa hazipigwi nje. Binti wa nyumba akiolewa katika nyumba nyingine ya wapiga sitar, utungo mmoja hutoka pamoja naye. Bwana harusi hufundishwa, na tangu siku hiyo unakuwa mali ya upande wake. Ni kama bangili za bibi harusi. Bangili zilizokwishavaliwa na mtaa mzima hakuna anayezipokea kwa heshima.

Mjukuu wa Ustadh, Nuzhat, alikuwa ameposwa na nyumba moja ya mji wa Bareilly. Utungo wake ulikuwa umechaguliwa. Lakini mkono wa Ustadh ulikuwa umeanza kutetemeka, na aliogopa hataweza kumwonyesha bwana harusi. Akamfundisha Bhagirath ili mkono wa Bhagirath uonyeshe. Mwanafunzi mwingine hakuaminiwa hivyo.

"Aliniambia, usiupige nje ya chumba hiki," anasema Bhagirath. "Sikuupiga. Hata nyumbani sikuupiga."

Aliutamka. Utungo ulikuwa mgumu, una mahali pa kuteleza, na siku za harusi zilikuwa zinakaribia. Mchana kutwa akiwa kazini alikuwa akiutamka, pasi ikienda da, ikirudi ra. Mazoezi ya mdomo hayakuwa kupiga, kwa mawazo yake. Kila mwanafunzi hufanya hivyo, bafuni, njiani, kitandani mpaka mke amsukume.

Mteja wake mmoja alikuwa kijana wa chuo cha muziki aitwaye Tanmay, aliyeleta kanzu zake kila wiki na kusimama kuzingoja. Alikuwa na sikio zuri.

"Niliupenda," anasema Tanmay, ambaye sasa anafundisha katika shule hiyo inayomwita Bhagirath, na ndiye aliyempendekeza. "Nilidhani ni zoezi lolote. Nani angejua kwamba siri ya ukoo inatamkwa juu ya suruali zangu?"

Tanmay akaupiga katika hafla ya nyumbani kwa tajiri mmoja, wiki mbili kabla ya harusi. Miongoni mwa wageni alikuwa baba wa bwana harusi, aliyekuja kutoka Bareilly kwa shughuli za ndoa. Alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa ameshadokezwa mwanzo wa utungo huo, akautambua. Akamwuliza kijana ameupata wapi.

"Kwa mpiga pasi wangu," akasema Tanmay.

Watu wakacheka. Yule baba naye akacheka, kisha akasema kwa sauti ya kusikika, "Basi zawadi yetu imetangulia kufika, tena imepigwa pasi."

Kesho yake Bhagirath aliitwa chumba cha juu. Alijitetea kwamba hakuupiga.

"Mwizi wa maziwa naye husema hakumgusa ng'ombe," Ustadh alimjibu.

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho ya maana. Ustadh alisafiri mwenyewe kwenda Bareilly, mgonjwa, akazungumza na wakwe. Ndoa ikafungwa. Alichowaambia au alichowapa, Bhagirath hakuambiwa, na hakuthubutu kuuliza. Tanmay alipokwenda kuomba radhi alipewa chai. "Wewe huna kosa," Ustadh alimwambia. "Ulikula ulichotupiwa."

Tangu hapo Bhagirath huenda kila asubuhi na nguo za mzee zilizopigwa pasi. Huketi kwenye kizingiti, panapovuliwa viatu. Ustadh huitikia salamu, hutazama kola, husema "Hapa pamekunjana" au hasemi. Wanafunzi wengine wakiwapo hufundishwa mbele yake. Baada ya kitambo Bhagirath huinuka akaenda kuwasha mkaa.

Sitar yake imetundikwa nyumbani, imefunikwa shuka. Mwaka wa kwanza alikuwa akiipiga. Mwaka wa pili kidogo. "Ukipiga bila wa kukwambia umekosea, unayazoea makosa yako," anasema. "Unaanza kuyapenda. Nikaona heri niache."

Alhamisi asubuhi anakwenda kwa Ustadh na kanzu mbili na shali. Uzi uko juu ya nguo, umefungwa katika kitambaa. Rangi yake imekufa, unakaribia kuwa wa kahawia.

Chumba cha juu kina godoro, mto mrefu, dirisha moja na sitar mbili zilizoegemezwa ukutani. Ustadh Kifayat Ali ana miaka themanini kasoro kidogo. Amekaa na blanketi miguuni. Nuzhat yuko nyumbani kwa siku chache, amekuja kumwuguza babu yake, na anamnywesha chai kwa kijiko kwa sababu mkono hauwezi tena kikombe.

"Adabu zangu, Ustadh," anasema Bhagirath kizingitini.

"Uishi." Mzee anazitazama nguo, anaona kitambaa. "Hicho nini? Umeniletea peremende?"

"Ni uzi, Ustadh."

Nuzhat anaweka kijiko chini.

"Nimeitiwa kazi," anasema Bhagirath. "Kufundisha watoto. Wale wa kuanza kabisa. Nipe ruhusa, au upokee uzi wako. Mimi nimechoka, Ustadh. Sina ubishi. Nimechoka tu."

Mzee anakitazama tena kile kitambaa.

"Ukiondoka, uniachie vilivyo vyangu," anasema. "Yaliyomo masikioni mwako utayaachaje? Utayamimina hapa mlangoni?"

"Sijui, Ustadh."

"Hujui. Na mimi sijui. Toa hiyo sitar ukutani."

Bhagirath anaingia. Ni mara ya kwanza kwa miaka hiyo yote kuvuka kile kizingiti. Anavaa kucha ya waya kwenye kidole, anaketi chini, na anaanza polepole raga ya asubuhi, mpangilio wa sauti unaopigwa saa hizo. Anavuta waya mara chache tu, kisha vidole vya kushoto vinaacha mstari mwekundu juu ya chuma. Sugu zimekwisha. Hasimami. Ustadh ndiye anayeinua mkono wake unaotetemeka.

"Basi. Mkono umekuwa wa karani."

"Nilikuwa sina wa kunisahihisha."

"Ulikuwa na nani hapa kila asubuhi? Ng'ombe?"

"Ulikuwa umeninyamazia, Ustadh. Una hasira nami."

"Hasira!" Mzee anakohoa, Nuzhat anamshika mgongo. "Hasira yangu iliisha kabla ya mvua za mwaka ule. Mimi mzee, nitaweka wapi hasira ya miaka mitano?"

"Mwambie, babu," anasema Nuzhat.

"Nyamaza wewe."

"Usipomwambia wewe nitamwambia mimi. Niliolewa na jambo hili, nina haki nalo."

Mzee anageuza uso dirishani. Nuzhat anamgeukia Bhagirath. Anamwita ami, kama alivyomwita tangu akiwa mtoto.

"Ami Bhagirath, wakwe zangu walisema utungo ule hawautaki peke yake. Walitaka mwingine ambao haujasikiwa na mtu. Babu hakuwa nao ila mmoja. Alikuwa ameutunga mwenyewe, wa raga ya mvua, na humu ndani tulikuwa tunauita wa Bhagirath. Alikuwa amekuwekea. Alitaka akupe mwaka ule, baada ya harusi yangu, na akutoe mbele ya watu upige. Akaupeleka Bareilly."

Bhagirath anaiweka sitar chini.

"Ukishatoka na bibi harusi haurudi," anasema Ustadh, bado akiangalia nje. "Siwezi kukufundisha. Nilisema nitatunga mwingine, ndipo nikuite. Nitamwitaje mtu nimpe mikono mitupu? Nikajaribu. Kila asubuhi ukikaa pale nilikuwa najaribu. Mapigo hayaji, Bhagirath. Mkono umekufa, na kichwa kinafuata mkono."

"Ungeniita tu, Ustadh," anasema Bhagirath. "Ningekuja kwa lolote. Hata kwa kuanza upya."

"Ungekuja, najua. Aibu ilikuwa yangu."

Anamwomba Nuzhat amletee kile kitambaa. Anakifungua kwa shida, anautazama uzi, na kumrudishia Bhagirath.

"Kawafundishe hao watoto. Mtoto wa kuanza hana siri ya kuvujisha. Wakikuuliza wewe ni wa nani, gusa sikio lako kwa adabu utaje jina langu. Na kidole ukifunge, unanichafulia godoro."

Bhagirath anamgusa miguu. Ustadh anaweka mkono juu ya kichwa chake, nao unatetemeka pale kwa muda, kisha mzee anasema amechoka na anataka kulala.

Chini uani, Nuzhat anamfuata Bhagirath akiwa anavaa viatu.

"Ami, naujua wote," anasema kwa sauti ya chini. "Mume wangu anaupiga kila siku ya Mungu, mpaka nakosa usingizi wa asubuhi. Nikutamkie? Hapa hapa. Babu huko juu hatusikii."

Bhagirath anainua mkono wenye damu kumzuia, haraka, kama mtu anayezuia mtoto asishike pasi.

"Hapana, binti yangu. Usitamke hata pigo moja. Huo ni wako, umetoka nao humu."

"Ulikuwa wako kwanza."

"Tena usiseme hivyo ukiwa kwa wakwe. Uishi."

Njiani kurudi anapitia kwa muuza dawa kununua plasta. Anasema Jumatatu ataanza shuleni, kuanzia saa tisa alasiri, na asubuhi ataendelea na pasi mpaka aone kama ile elfu kumi na nane inafika kweli. Usiku atarudisha sugu, kidogo kidogo. Kila Alhamisi atakwenda kwa Ustadh na kukaa ndani ya chumba, mzee amsahihishe maadamu bado anasikia. Tungo mpya hategemei.

"Phulmati atafurahi," anasema. "Atasema alijua."

Kazi ameipata, na uzi umebaki kwake. Lakini mapigo yale aliyoyatamka juu ya meza ya pasi yalilipiwa. Ustadh Kifayat Ali alitoa tungo mbili alipokusudia kutoa mmoja, na tangu hapo hakutunga tena. Nuzhat aliingia ukweni akitanguliwa na kicheko, na mama mkwe wake alikirudia kila alipokuja mgeni, mpaka mtoto wa kwanza alipozaliwa. Phulmati aliishi miaka hiyo na mume asiyezungumza. Bhagirath alipoteza sugu za vidole viwili, na miaka ya mwisho ambayo mwalimu wake alikuwa bado na mkono wa kumwonyesha. Utungo uliotungwa kwa ajili yake upo Bareilly, unapigwa kila asubuhi na mtu asiyejua ulikuwa wa nani. Bhagirath hajawahi kuusikia.